Hedhi Nzito kwa Mwanamke wa Mazoezi: Hesabu Damu, Zuia Kuvuja, Rudisha Madini Chuma, Tafuta Tiba

Mwongozo huu ni wa mwanamke anayekimbia, anayecheza netiboli, anayeinua vyuma au anayefanya kazi ya kusimama kutwa, na ambaye hedhi yake inamshinda. Kama kila mwezi unapanga safari zako kwa kuangalia choo kiko wapi, unavaa pedi mbili kwa pamoja, unafunga sweta kiunoni kwa tahadhari na usiku wa siku ya pili unaamka kubadilisha, basi tunazungumza na wewe.

Wengi wanapambana na kuvuja tu. Akipata pedi kubwa zaidi anaona amemaliza. Lakini pedi inapokea damu ambayo imekwisha kutoka. Haipunguzi hata tone, na kila tone linaondoka na madini chuma ambayo mwili unayahitaji kubeba hewa hadi kwenye misuli. Ndiyo maana tunaanza na kuhesabu kabla ya kuzungumzia pedi: hesabu ndiyo itakayokuambia kama hii ni shida ya nguo au ni shida ya afya, na ndiyo daktari atakayoisikiliza.

Hauko peke yako, na usidanganywe kwamba anayefanya mazoezi hapati hedhi nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahoji wanawake zaidi ya 1,000 waliokimbia London Marathon ya 2015. Asilimia 36 kati yao walikuwa na hedhi nzito. Kwa wanariadha wa ngazi ya juu waliokuwemo katika utafiti huohuo ilikuwa asilimia 37. Na katika wote waliohojiwa, waliowahi kutafuta ushauri wa daktari walikuwa asilimia 22 tu.

Kabla ya yote: dalili za kwenda hospitali leo

Acha kusoma, tafuta usafiri, kama mojawapo ya haya linakutokea:

- Unajaza pedi nzima kwa saa moja, na imekuwa hivyo kwa saa mbili mfululizo au zaidi.
- Unaona kizunguzungu ukisimama, umezimia, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, au unaishiwa pumzi kwa kutembea hatua chache.
- Kuna uwezekano wowote wa mimba. Damu nyingi pamoja na maumivu ya upande mmoja wa tumbo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo inaua kwa masaa.
- Una homa na uchafu wenye harufu mbaya, hasa baada ya kujifungua au mimba kuharibika.
- Ulishakoma hedhi, na sasa damu imerudi.

Usiende ukiendesha pikipiki mwenyewe. Mtu anayepoteza damu anaweza kuzimia ghafla.

Hatua ya 1: Hesabu

Hedhi ya kawaida huja kila baada ya siku 24 hadi 38, haizidi siku 8, na damu inayopotea kwa hedhi nzima ni mililita 30 hadi 40 hivi, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Madaktari kwa muda mrefu wametumia mililita 80 kama mpaka wa hedhi nzito. Siku hizi wanaongeza jambo moja la busara: hata kama hujafika mililita 80, damu inayokuzuia kufanya shughuli zako ni nzito na inastahili kutibiwa.

Hakuna anayekusanya damu yake kwenye chupa ya kupimia. Kuna njia ya pointi iliyotungwa Uingereza mwaka 1990 ambayo mpaka leo inatumika, na inahitaji kalamu na daftari tu. Kila unapobadilisha pedi, itazame kabla hujaifunga, kisha andika:

- Pedi yenye damu kidogo: pointi 1.
- Pedi iliyolowa kiasi, katikati imejaa ila kingo ni kavu: pointi 5.
- Pedi iliyojaa kabisa, damu imefika kingo: pointi 20.
- Tamponi (pamba ya kuingizwa ukeni): 1, 5 na 10 kwa mpangilio huohuo.
- Bonge dogo la damu: pointi 1. Bonge linalokaribia ukubwa wa kifuniko cha soda au zaidi: pointi 5.
- Damu iliyomwagika ikachafua nguo au shuka: pointi 5 kwa kila tukio.

Jumlisha kwa hedhi nzima. Ukizidi 100, kuna uwezekano mkubwa kwamba umevuka mililita 80.

Mfano. Siku ya kwanza: pedi mbili zenye damu kidogo na mbili za kiasi, pointi 12. Siku ya pili: pedi nne zilizojaa, mbili za kiasi, bonge moja kubwa, pointi 95. Siku ya tatu: tatu zilizojaa na mbili za kiasi, pointi 70. Siku ya nne: tatu za kiasi, pointi 15. Siku ya tano: tatu zenye damu kidogo, pointi 3. Jumla ni 195. Tazama namna siku mbili tu zilivyobeba karibu mzigo wote. Kwa wengi ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu mwanamke husema "hedhi yangu ni ya siku tano tu, ni ya kawaida," ilhali pointi zake ni karibu maradufu ya mpaka.

Makosa ya kuhesabu ni mawili. La kwanza ni kuchanganya aina za pedi: pedi ya usiku inabeba damu nyingi kuliko ya mchana, kwa hiyo andika pembeni ni ipi. La pili ni kubadilisha kabla haijajaa kwa sababu ya usafi au wasiwasi, halafu kuihesabu kama iliyojaa. Hesabu ulichokiona. Kama unatumia kikombe cha hedhi kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa vingi vina alama za mililita pembeni: unasoma, unaandika, unamwaga.

Fanya hivi kwa hedhi mbili, tatu ikiwezekana. Kama dalili zako za upungufu wa damu ziko wazi, nenda hospitali mapema na hesabu ya mwezi mmoja.

Hatua ya 2: Zuia kuvuja ukiwa kwenye mwendo

Elewa kwanza kwa nini pedi inashindwa. Ukilala au ukikaa muda mrefu, damu hukusanyika ukeni. Ukisimama inashuka yote kwa mkupuo, na pedi haiwezi kunyonya mkupuo kwa kasi hiyo. Damu inateleza juu yake na kutokea pembeni au nyuma. Ndiyo maana unavuja pale unaposhuka kwenye basi baada ya safari ya saa mbili, au unapoinuka tu kitandani. Dawa yake ndogo: ukifika uwanjani nenda chooni, chuchumaa dakika moja au mbili, kohoa mara mbili tatu, acha ishuke, kisha vaa pedi mpya na ndipo uanze kupasha misuli.

Sababu ya pili ni nguo. Pedi inashikwa na gundi, na gundi haishiki vizuri kwenye chupi ya nailoni iliyolowa jasho. Mapaja yanaposuguana pedi inajikunja katikati, inakuwa kama kamba, na pande zote mbili zinabaki wazi. Vaa chupi ya pamba inayobana, pedi yenye mabawa, na juu yake taiti au bukta ya kubana ya rangi nyeusi. Taiti ndiyo inayoshikilia pedi isicheze. Usiweke pedi mbili juu kwa juu, kwa sababu ya chini ina plastiki na ya juu ina plastiki vilevile, kwa hiyo ya chini haipokei chochote. Ukitaka eneo kubwa zaidi, zipange kwa urefu, moja mbele na nyingine nyuma, au vaa chupi ya hedhi, ile inayonyonya damu yenyewe, chini ya kinga yako ya kawaida.

Kwa mkimbiaji mwenye damu nyingi, tunapendekeza kikombe cha hedhi kuliko vyote. Kinabeba mililita 20 hadi 30 kutegemea saizi, hakisugui mapaja, na hakijui kama unaruka au unachuchumaa. Lakini kinahitaji mazoezi, na mazoezi hayo yafanyike nyumbani siku ya damu kidogo. Kuvaa kikombe kwa mara ya kwanza asubuhi ya mashindano ni kujitafutia balaa.

Nawa mikono kwa sabuni. Kunja kikombe mara mbili ukingo uwe kama herufi C, chuchumaa, legeza misuli, kisha kiingize ukielekeza nyuma kuelekea kiunoni, si juu moja kwa moja. Kikishaingia kiachie kifunguke, na upitishe kidole kuzunguka ukingo wa chini. Ukigusa mkunjo, bado hakijafunguka. Kishike kwenye kitako, kizungushe kidogo. Kuvuja kwa kikombe mara nyingi kunatokana na mkunjo huo, au kwa sababu kimejaa. Siku ya pili kimwage kila baada ya saa mbili hadi nne. Siku za damu kidogo kisikae zaidi ya saa 12.

Wakati wa kutoa, usivute kijiti. Binya kitako cha kikombe hewa iingie, ndipo ukishushe polepole. Kwa mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango hili ni la lazima, maana kikombe kinachovutwa kikiwa bado kimebana kinaweza kutoka na kitanzi. Ambaye kitanzi chake ni kipya azungumze na mhudumu aliyemwekea kabla hajaanza kutumia kikombe. Hedhi ikiisha kichemshe dakika tano kwenye maji mengi ya kukifunika. Maji yakikauka kitaungua na kushika sufuria.

Tamponi isikae zaidi ya saa 8, hata kama haijajaa. Ikikaa mno inaweza kuleta sumu ya bakteria inayoingia kwenye damu: homa kali ya ghafla, kutapika, vipele kama umeungua jua. Hilo likitokea toa tamponi na ukimbilie hospitali.

Pedi za kitambaa zinafaa kabisa kwa siku za mwisho. Zioshe kwanza kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi, kisha sabuni, na zianikwe juani. Kuzianika ndani chini ya kitanda kwa sababu ya aibu kunaziacha na unyevu, na unyevu unaleta muwasho na fangasi.

Mfuko wa mazoezi uwe na pedi nne, chupi moja, taiti moja, mifuko midogo ya plastiki isiyoonyesha, karatasi laini, chupa ya nusu lita ya maji ya kunawia (tofauti na ya kunywa) na mafuta ya mgando. Paka mafuta kwenye mikunjo ya mapaja kabla ya kukimbia, mahali ambapo kingo za pedi husugua; usiyapake pale gundi inaposhika. Siku nzito kimbia mizunguko mifupi inayorudi penye choo badala ya njia ndefu ya kwenda na kurudi.

Hatua ya 3: Rudisha madini chuma

Hapa ndipo wanamichezo wengi wanapoumia bila kujua, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Damu ya mwanamke mwenye hemoglobini (sehemu ya damu inayobeba hewa), yaani Hb, ya 12 ina madini chuma ya takriban miligramu 0.4 kwa kila mililita. Anayepoteza mililita 150 kwa mwezi anapoteza miligramu 60 hivi. Gawanya kwa siku 28: ni zaidi ya miligramu 2 kila siku, juu ya ile miligramu 1 ambayo mwili hupoteza kwa kawaida. Kwa chakula cha kawaida utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Hesabu haifungi. Kila mwezi unakula akiba, na akiba ikiisha ndipo Hb inapoanza kushuka. Mkimbiaji ana hasara nyingine ndogondogo juu ya hiyo, kupitia jasho, utumbo na chembe za damu zinazopasuka nyayo zinapogonga chini.

Kwa hiyo usiridhike na Hb peke yake. Omba na ferritini, kipimo cha akiba. Hb chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu wa damu. Ferritini chini ya 15 ina maana akiba imekwisha, na chini ya 30 wataalamu wengi hutibu, hasa kwa mwanamichezo aliyechoka. Mambo mawili hudanganya. Malaria au ugonjwa wowote wenye homa hupandisha ferritini kwa muda, kwa hiyo pima ukiwa mzima. Na anayeishi nyanda za juu, mfano Iten nchini Kenya iliyo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, anatakiwa kuwa na Hb kubwa kuliko wa Tanga au Mombasa. Hb ya 12 kwake tayari ni pungufu.

Dalili unazoweza kuziona mwenyewe: muda wako wa kilomita 5 unaporomoka bila sababu, mapigo ya moyo yako juu kwenye mwendo uliouzoea, nywele zinakatika, kucha zinavunjika, na hamu ya vitu visivyo chakula: barafu, udongo, mchele mbichi. Anayetafuna mchele mbichi kila siku apimwe ferritini badala ya kuchekwa.

Chakula kinasaidia ila peke yake hakitajaza shimo. Maini, nyama nyekundu na dagaa vinafyonzwa vizuri zaidi. Maharage, choroko, mchicha na kisamvu vina madini chuma ya aina inayofyonzwa kwa shida. Kamulia ndimu au kula na chungwa ufyonzaji uongezeke. Chai ndiyo adui mkubwa mezani kwetu. Kikombe cha chai pamoja na maharage kinazuia sehemu kubwa ya madini chuma, kwa hiyo chai na kahawa zisogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Na juisi ya rozela au ya bitiruti ni nzuri kunywa, lakini wekundu wake si damu. Usiitegemee kama dawa.

Vidonge sasa. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina madini chuma halisi miligramu 65 hivi. Meza kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Unaposikia hivi utadhani ni kujipunja, ila uchunguzi uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye akiba ndogo, mwili unafyonza zaidi kwa mpango huo. Ukimeza kidonge, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa siku nzima. Kidonge cha kesho kinakuta mlango umefungwa, kinabaki tumboni na kukuletea kichefuchefu. Mwenye Hb ya chini sana daktari anaweza kumpa kila siku, na hapo afuate daktari.

Mazoezi makali nayo yanapandisha hepsidini, na inafika kilele kati ya saa 3 na 6 baada ya kumaliza. Meza kidonge asubuhi kabla ya mazoezi, au mara tu baada ya kumaliza, kwa maji ya ndimu au chungwa. Usikimeze jioni baada ya mazoezi ya mchana. Usikichanganye na maziwa wala dawa za kiungulia. Choo kitakuwa cheusi, hilo ni kawaida. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na matembezi kabla ya kuacha dawa.

Pima Hb baada ya wiki nne. Kama ulikuwa na upungufu, tegemea ipande angalau 1, mfano kutoka 10 hadi 11. Isipopanda, ama humezi ipasavyo, ama damu inatoka kuliko inavyoingia, ama tatizo si madini chuma. Hb ikirudi kawaida endelea miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Wengi huacha hapa na mwaka ujao wanarudi palepale.

Maonyo mawili mazito. Mwenye selimundu asianze vidonge hivi bila vipimo, kwani anaweza kuwa na Hb ndogo huku madini chuma yakiwa tele, hasa kama amewahi kuongezewa damu. Na vidonge vikae mbali na watoto: vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Hatua ya 4: Nenda na daftari kwa daktari

Usiingie chumbani ukasema "hedhi inanisumbua" tu. Sema: "Shikamoo daktari. Damu yangu ya hedhi ni nyingi. Mwezi uliopita nilihesabu pointi 195. Siku ya pili nilitumia pedi sita, nne zilijaa kabisa, na kulikuwa na bonge kubwa la damu. Nashindwa mazoezi na kazi siku mbili kila mwezi. Naomba kujua sababu." Kisha weka daftari mezani. Ukiambiwa "hayo ni maumbile yenu wanawake," omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Una haki nayo.

Vipimo vya kutegemea: mimba, picha nzima ya damu, ferritini, na ultrasaundi ya kizazi, ambayo huonyesha vizuri zaidi hedhi ikiwa imetoka kuisha. Mlango wa kizazi uangaliwe pia, hasa kama unatoka damu baada ya tendo la ndoa. Kipimo cha thairodi, tezi ya shingoni, kinafanywa kama kuna dalili zake. Aliyefika miaka 45, au mwenye hedhi isiyo na mpangilio kwa muda mrefu pamoja na unene, anaweza kuchukuliwa kinyama kidogo kutoka ukuta wa ndani wa kizazi ili kuondoa hofu ya saratani.

Sababu za kawaida si nyingi. Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, ndiyo inayosikika zaidi, na hapa watu hukosea: wanauliza ukubwa, wakati la kuuliza kwanza ni mahali. Fibroidi ya sentimita 2 inayochomoza ndani ya mji wa mimba inaweza kukumaliza damu, na nyingine kubwa kama chungwa iliyo upande wa nje isikuletee hata tone la ziada. Kuna vinyama laini vya ndani ya kizazi. Kuna hali ambapo ukuta wa ndani wa kizazi unaota ndani ya msuli wake, na kizazi kinavimba na kuuma. Kuna kitanzi cha shaba, ambacho kinajulikana kuongeza damu, hasa miezi sita ya kwanza. Kuna kutopevusha yai, hali inayowapata sana mabinti wadogo na wanaokaribia ukomo wa hedhi.

Na kuna ugonjwa wa damu kutoganda, ambao husahaulika. Kama hedhi imekuwa nzito tangu ulipovunja ungo, pua inakutoka damu mara kwa mara, uling'olewa jino damu ikakataa kukata, au mama na dada zako wako hivyohivyo, mtajie daktari ugonjwa wa von Willebrand ufikiriwe.

Hatua ya 5: Dawa, na lipi linamfaa nani

*Ibuprofeni.* Miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula, kuanzia siku damu inapoanza hadi siku ya tatu au ya nne. Inapunguza damu kwa asilimia 20 na zaidi, na inatuliza maumivu. Kosa kubwa ni kumeza kimoja tu tumbo linapouma. Kupunguza damu kunataka dozi kamili kwa mpangilio. Asiimeze mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, mjamzito, wala mwenye homa isiyojulikana chanzo, kwani ikiwa ni dengi itaongeza kutoka damu. Mkimbiaji asiimeze kabla ya mbio ndefu juani: figo zilizokaukiwa maji haziivumilii. Aspirini usiiguse kabisa siku hizi, inafanya damu iwe nyepesi.

*Traneksamiki asidi.* Huandikwa na daktari. Vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, si zaidi ya siku 4, ukianza damu inapokuwa nzito. Haizuii hedhi, haina homoni, haizuii mimba. Inachofanya ni kulinda damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Inaweza kupunguza damu karibu nusu. Haifai kwa aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi, au mwenye historia ya degedege. Mwenye figo mbovu na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili amweleze daktari kwanza.

*Kitanzi cha homoni.* Kwa mwanamke asiyetaka mimba kwa miaka kadhaa, hii ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote za kumeza: damu hupungua kwa asilimia 70 hadi 95. Tatizo ni jina. Kliniki nyingi zikisema "kitanzi" zina maana ya cha shaba, ambacho kitaongeza tatizo lako. Uliza waziwazi: "Cha shaba au cha homoni?" Miezi mitatu hadi sita ya kwanza utatoka damu matonematone bila ratiba. Si dalili kwamba kimeshindwa. Wengi hukitoa wakati huo, wiki chache kabla ya kuona faida.

*Vidonge vya uzazi wa mpango* vyenye homoni mbili hupunguza damu, na daktari anaweza kukupangia kuunganisha pakiti ili hedhi isije karibu na mashindano. Anza mpango huo miezi mitatu kabla. *Sindano ya miezi mitatu* huvuruga hedhi mwanzoni, kisha kwa wengi huikausha, ila ikitumika miaka mingi inapunguza uimara wa mifupa, jambo la kufikiriwa kwa mkimbiaji mwembamba. *Vijiti* vya kuwekwa mkononi havitabiriki, tusingeviweka mbele kwa shida hii.

*Upasuaji* unategemea sababu. Fibroidi iliyo ndani inaweza kutolewa kwa kupitia njia ya uke bila kupasua tumbo, hospitali ikiwa na vifaa. Kabla hujakubali kutolewa kizazi, uliza kama njia nyingine zimekwisha. Na chai za mitishamba zinazouzwa mitandaoni kwa jina la kuyeyusha fibroidi hazijathibitishwa. Nyingi zinakula pesa na miezi huku Hb ikishuka.

Anayepimwa dawa michezoni: madini chuma hayakatazwi. Lakini dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 inakatazwa na sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, isipokuwa katika matibabu ya hospitali. Ukiwekewa madini chuma kwa dripu, hifadhi karatasi zote.

Hatua ya 6: Panga mazoezi

Hedhi nzito peke yake haikukatazi kukimbia. Kinachokataza ni Hb. Ikiwa juu ya 12, fanya unachoweza kadiri mwili unavyoruhusu. Kati ya 10 na 12, kimbia taratibu, acha mbio za kasi na vilima hadi dawa zifanye kazi. Chini ya 10, tembea tu na utibiwe. Mwili usio na damu haujengeki kwa mazoezi makali, unachakaa.

Mwambie kocha kwa maneno mafupi. "Kocha, kesho na keshokutwa niko kwenye siku zangu na damu ni nyingi. Naomba mbio za kasi nizifanye Ijumaa." Huhitaji kueleza zaidi. Kama kocha ni mwanaume na unaona haya, mpitishie ujumbe kapteni wa timu au dada mkubwa mnayefanya naye mazoezi.

Ukishaanza dawa yoyote, rudi kwenye daftari. Hesabu hedhi tatu mfululizo kwa pointi zilezile, na aina ileile ya pedi. Kutoka 195 hadi 90, dawa inafanya kazi, endelea. Ikibaki juu ya 100 ilhali umemeza ipasavyo, usirudie dozi ileile kwa miezi mingine mitatu: rudi kwa daktari na daftari, umwonyeshe namba, na umwombe hatua inayofuata.